Somo la Robo Hii: Msikilizaji Naye Ana Moyo



Katika taarifa yetu ya mwaka juzi kuhusu vikundi vya VICOBA tuliandika mstari mmoja mfupi: wanachama wawili wamejiondoa. Kisha tukaendelea na jedwali la hisa na mikopo. Miezi kadhaa baadaye ndipo tulipojua kuwa mmoja wao hakujiondoa kwa maana tuliyoiandika. Alikuwa amefiwa na mume, usiku hapati usingizi, na aliona aibu kukaa mbele ya wenzake akisema hana hisa ya wiki. Kikundi kilimkumbusha deni mara tatu, na hakuna aliyekwenda kumwuliza analalaje. Sisi waratibu pia hatukuuliza. Mama huyo yupo na anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Lakini kosa ni letu, na ndilo lililotufanya tuchague somo hili.

1. Daktari aliyesimulia alichoshindwa

Dk. Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe. Mwaka 2005 alikuwa mmoja wa madaktari wachache sana wa fani hiyo katika nchi nzima. Mwaka huo alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyekuwa na sonona, ambaye alijiua kabla ya kurudi hospitalini kama ilivyokubaliwa. Daktari alipomwuliza mama wa binti kwa nini hawakuja, mama alijibu kuwa hawakuwa na nauli ya basi. Ilikuwa dola 15 za Marekani.

Jambo kama hili lingeweza kufungiwa kwenye faili. Chibanda amelisimulia hadharani mara nyingi, ikiwemo katika hotuba aliyoitoa mwaka 2017 ambayo imesikilizwa na watu wa mataifa mengi. Hakujificha nyuma ya umaskini wa nchi yake. Alikiri kuwa huduma inayomsubiri mgonjwa hospitalini haimfikii yule anayeihitaji zaidi.

Mwaka huohuo wa 2005, Serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya biashara katika miji mingi. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania mwenzetu, Profesa Anna Tibaijuka, kuchunguza. Taarifa yake ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mbare, mtaa wa zamani wenye watu wengi jijini Harare, ulikuwa kati ya maeneo yaliyoumia. Hapo ndipo Chibanda alipoanza kazi mpya mwaka 2006. Hakupewa jengo wala madaktari. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika huduma za afya, na nafasi ya kukaa nje ya zahanati. Basi wakaweka benchi.

2. Bibi walimfundisha daktari

Awali daktari alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi walimwambia wazi kuwa hakuna mtu atakayekaa hapo, maana majirani watasema ana wazimu. Likaitwa Benchi la Urafiki, na kwa Kishona likapewa jina lenye maana ya mahali pa kupeana mawazo. Hata ugonjwa hawakuuita kwa jina la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi tunalo la kwetu. Mtu akisema "nina mawazo", Mswahili anaelewa kuwa hasemi habari za akili nyingi, bali mzigo.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Mgeni huulizwa kwanza maswali 14 mafupi, kama vile iwapo analala, iwapo hulia, iwapo amewahi kufikiria kujiua. Kisha zinafuata hatua tatu: kufungua mawazo, kuinua, na kuimarisha. Mgeni hutaja matatizo yake yote, halafu yeye mwenyewe huchagua moja la kuanza nalo na kutafuta hatua ndogo anayoiweza. Bibi hamchagulii. Hukutana hadi mara sita, na baada ya hapo huweza kujiunga na kikundi cha wenzake wanaotiana moyo huku wakifanya kazi za mikono.

Je, inasaidia? Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573, ulichapishwa Desemba 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida, karibu nusu (asilimia 49.9) walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa benchini na bibi, walikuwa asilimia 13.7 tu. Tangu hapo mbinu hii imefika Malawi, Zanzibar na hata New York.

3. Kwa nini kusikilizwa kunaponya

Hapo zamani mazungumzo ya mtaalamu na mgonjwa yalikuwa siri hata kwa wataalamu wenyewe, na hakuna aliyejua mwenzake anafanyaje. Carl Rogers wa Marekani, aliyesoma theolojia kwa miaka miwili kabla ya kuhamia saikolojia, alirekodi mazungumzo hayo, na mwaka 1942 akachapisha kitabini mfululizo mzima wa vikao vya mtu mmoja, neno kwa neno, ili wengine wajifunze. Mwaka 1957 aliandika kuwa mtu hubadilika anapokutana na msikilizaji mwenye mambo matatu: ni mkweli bila kuvaa sura ya bandia, anampokea mwenzake bila masharti, na anajitahidi kuona jambo kama mwenzake anavyoliona.

Mambo hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji nidhamu. Tunakumbuka rafiki watatu wa Ayubu: siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Shida ilianza walipofungua vinywa kumweleza sababu za mateso yake. Wengi wetu tunaotembelea wafiwa hatufikishi hata dakika saba.

4. Tuanzeje katika sharika zetu

Hatupendekezi mradi mpya. Tunapendekeza mambo manne ambayo kamati inaweza kuyaanza kwa watu iliyo nao.

Kwanza, siri. Kinachosemwa kwa msikilizaji kisigeuzwe ombi la maombi mbele ya jumuiya bila ruhusa ya mwenyewe. Tumeona watu wakihama mtaa kwa sababu hiyo.

Pili, kutokimbilia jibu. Uliza, nyamaza, kisha rudia ulichosikia ili mwenzako akusahihishe. Maombi yana nafasi yake, lakini yasitumike kufunga mazungumzo ambayo hayajaanza.

Tatu, kujua mpaka. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake. Msindikize siku hiyohiyo hadi kituo cha afya, na kamati itenge fedha kidogo za nauli. Tukumbuke dola 15 za yule mama.

Nne, msikilizaji naye asikilizwe. Bibi wa Harare wana wasimamizi. Mwinjilisti au mzee wa kanisa anayebeba habari za watu mwaka mzima bila mahali pa kuzitua, naye ataugua. Akisema amechoka asionekane amepungukiwa na imani.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika usharika wetu, mtu mwenye mawazo huenda kwa nani? Kwa nini kwa huyo?
2. Ni nani aliyeacha kuhudhuria vikao vyetu mwaka huu, na ni nani aliyekwenda nyumbani kwake kumwona, si kumdai?
3. Nani anamsikiliza mwinjilisti wetu?
4. Je, tuna fungu la nauli kwa ajili ya mgonjwa wa dharura? Kama hatuna, litoke wapi?

Mwisho, neno kwa wafadhili wetu. Mmezoea kupokea kutoka kwetu hesabu za visima, mbuzi na vikundi, na tutaendelea kuzileta. Lakini katika fomu ya taarifa za vikundi tumefuta safu ya "waliojiondoa". Mahali pake tumeweka safu mbili: "waliotembelewa" na "tulichosikia", isiyo na majina. Huenda robo ijayo safu ya pili ikawa na maneno machache, na mengine yasiwe ya kutusifu. Tutawaletea hivyohivyo.