Shahada ya Masafa: Tuhesabu Gharama Kwanza

Mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha karatasi Mgololo anaweza kusoma shahada bila kuacha kazi wala familia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Iringa. Shahada yake inatambuliwa sawa na ya vyuo vya darasani, kwa uzamili na kwa ajira.

Lakini si kila chuo cha mtandaoni kiko hivyo. Katika Luka 14:28, mjenzi wa mnara huketi kwanza kupiga hesabu. Nasi, kabla ya kulipa ada, tuiulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU): je, chuo hiki kinatambuliwa? Cheti kisichotambuliwa humla mtu miaka yake na akiba ya watoto.

Tafakari: Parokiani kwetu, nani humsaidia kijana kuuliza mapema?