Nyumba ya Kupumzikia, kwa Mikaratusi ya Butembo

Wanaoniletea maswali haya si watu wa anasa. Ni walimu, ni wauguzi, ni masista wenye kilima chao nje ya mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Wanataka vyumba vichache vya mbao, mahali pa ukimya, ambapo mtu aliyechoka moyo anaweza kulala siku tatu ndipo arudi kazini.

Fundi, kwa hali hii ya kwetu, nani atakuja kupumzika?

Sisi wenyewe. Tangu Oktoba 2014 familia za upande wa Beni zimezika watu wengi mno kwa mauaji. Kisha ikaja Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, na wauguzi wetu waliibeba mgongoni. Watu hawa wana haki ya kupumzika kuliko mtalii yeyote.

Tena miti inasaidia kweli. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo: 23 dirisha lao lilitazama miti, 23 lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Ndiyo maana mimi naanza kuchora kitandani. Napima jicho la mtu aliyelala liko kimo gani, ndipo naweka kizingiti cha chini cha dirisha. Huku kwetu tumezoea madirisha ya juu kama ya depo. Mgonjwa anaona mabati ya jirani tu.

Ila leo, kwa sababu ya usalama, nisingemshauri mtu kujenga pembezoni mwa msitu upande wa Beni. Jengeni kwenye vilima vya Butembo, karibu na watu, katikati ya miti mliyoipanda wenyewe.

Tutumie libuyu ya msituni au mikaratusi? Wageni wanapenda mbao nyekundu.

Libuyu ni mbao nzuri, sikatai. Lakini ulizeni imetoka wapi. Nyingi inatoka misitu ya Mambasa, inapita Beni, inavuka mpaka wa Kasindi kuelekea Uganda na mbali zaidi. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inataka mkataji awe na kibali. Mwombeni muuzaji akionyeshe, na mtaona wangapi wanakitoa. Mti ule umechukua umri wa babu na mjukuu kukua, na hakuna aliyepanda mwingine mahali pake. Siwezi kumlaza mtu aliyekimbia vijiji vya msituni ndani ya chumba kilichotokana na msitu uleule uliokatwa kwa fujo, halafu nimwambie apumzike.

Mkaratusi ni wetu kwa jembe. Vilima vya Butembo na Lubero vimejaa mashamba yake, ya familia na ya misheni, na tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima kupanda miti ya makaa ili wasiingie Hifadhi ya Virunga. Ukiukata vizuri kisiki kinachipua tena. Kwa dari na samani ongezeni grevilea, ni laini na haisumbui. Simenti nunueni ya msingi tu. Inatoka mbali, na utengenezaji wake peke yake unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu dunia nzima.

Mkaratusi si unapasuka na kupinda?

Unapasuka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Siku ya kukata, simama karibu na kichwa cha gogo lililolala. Utalisikia linalia, ta, ta, na ufa unafunguka kutoka kwenye kiini kama nyota. Mti ukiwa umesimama, nyama yake ya nje imevutika kama kamba na kiini kimebanwa. Ukiukata, nguvu zile zinafunguka.

Chagueni magogo manene ya miti iliyokomaa, si nguzo za miaka saba. Pakeni rangi nzito au nta kwenye vichwa saa hiyohiyo. Pasueni mapema, mkigeuza gogo ili pande zote mbili zipunguzwe sawa, na kiini kiwe kuni. Kisha pangeni mbao kivulini, juu ya mawe, na vijiti vikavu kati ya safu na safu kila nusu mita, kijiti juu ya kijiti, wima. Wekeni mawe mazito juu kabisa. Miezi sita kwa ubao wa inchi moja. Kwa ubaridi wetu, tisa ni bora.

Ukuta wangu wa kwanza niliujenga kwa mbao za wiki tatu. Mwezi wa pili nilipitisha kidole kati ya ubao na ubao, na ndani mlikuwa na mtoto mchanga. Niliubomoa wote.

Na mchwa? Na mvua?

Mbao isiguse udongo. Nyanyueni nyumba nusu mita juu ya nguzo za mawe, na juu ya kila nguzo wekeni kipande cha bati kilichokunjwa ukingo chini. Mchwa akijenga njia yake, mtaiona kabla hajafika kwenye mbao. Paa litoke nje ya ukuta karibu mita moja. Hekalu la Hōryū-ji huko Japani lina majengo ya mbao ya zaidi ya miaka 1,300, na mvua ya Japani si ndogo. Mapaa yake marefu ndiyo yanayokinga kuta.

Tupake oili chafu ya gari?

Hapana, si kwenye chumba cha kulala. Inanuka miaka, na ina sumu. Ndani pakeni maji ya boraksi na asidi ya boriki.

Mabati yatatupigia kelele mvua ikinyesha.

Yatapiga. Chini yake wekeni dari ya mbao na kati yake nyasi zilizolowekwa maji ya boraksi, kisha zikakaushwa vizuri.

Watu wanasema mkaratusi unamaliza maji.

Karibu na chemchemi, ni kweli. Acheni bonde na kingo za mto kwa miti ya asili na mianzi, mikaratusi ipandwe mgongoni mwa kilima.

Tuanze lini?

Kateni mwezi wa sita, mvua ikipungua. Mbao zikiwa zinakauka, nendeni mkakae kilimani asubuhi hadi jioni, siku kadhaa. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaoungua. Madirisha makubwa yatazame kaskazini au kusini. Angalieni upepo wa mvua unatoka wapi, na saa ngapi ukungu unaachia bonde. Wekeni vigingi mahali mtu alipokaa muda mrefu bila kutaka kuinuka. Hapo ndipo nitakuja na kamba.