Chaja ya Betri Inayopata Joto Kupita Kiasi

Mji wa Same uko chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mlimani kuna ubaridi na mvua, lakini Same penyewe ni nchi kavu yenye jua kali. Magari mengi hupita hapo. Mengine hupanda njia za mlimani kwenda Mbaga na Mamba, na kushuka na abiria na magunia ya tangawizi. Gari ambalo betri yake imekufa haliwaki, na mgonjwa apelekwaye hospitali hukawia. Kwa hiyo kuchaji betri ni kazi ya kuaminiwa, nayo yataka akili.

Betri ya namna itumiwayo katika motokaa ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa, jina lake Gaston Planté. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme wa namna hiyo hauwezi kuijaza betri. Ndiyo sababu chaja ina viungo viwili: transfoma, ambayo hupunguza volti, na dayodi, ambazo huruhusu umeme kwenda upande mmoja tu.

Wapare tangu kale hujenga ndiva, yaani birika kubwa la udongo na mawe. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani. Betri ni mfano wa ndiva, na chaja ni mfano wa mfereji. Maji yakizidi nguvu za mfereji, kingo hubomoka. Vivyo hivyo umeme ukizidi nguvu za waya, waya hupata moto.

Chaja ifanyayo kazi huwa na uvuguvugu, na hilo si ugonjwa. Lakini mkono usipoweza kutulia juu yake, au harufu ya kuungua ikisikika, hiyo ni dalili ya ubaya. Mtu asiyejua huimwagia maji ipoe, naye aweza kufa kwa umeme. Mwingine huona fyuzi imekatika, akatia kipande cha waya mnene mahali pake. Huyo amemfukuza mlinzi wa nyumba. Siku nyingine nyumba itaungua.

Fundi mwenye akili kwanza huzima swichi ya ukutani na kuchomoa plagi, ndipo aondoapo vibanio katika betri. Utaratibu huu una maana. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Cheche moja ndogo yaweza kuipasua betri na kumrushia mtu tindikali machoni. Kwa hiyo madirisha huachwa wazi, na sigara na taa ya moto hukatazwa hapo. Tindikali ikimrukia mtu, huoshwa mara moja kwa maji mengi. Na ikiingia machoni, hupelekwa hospitali baada ya kuoshwa.

Chaja ikiisha kupoa, fundi hujiuliza: joto lilikuwa wapi?

Kama lilikuwa katika vibanio, yamkini vimelegea au vimeshika kutu. Husafishwa kwa brashi ya waya na kukazwa.

Kama lilikuwa katika betri, fundi hutazama kama swichi ya chaja imewekwa kwenye volti 24, na betri ni ya volti 12. Kisha hupima tindikali ya kila chumba kwa kipimo chenye boya. Betri iliyojaa huonyesha karibu 1.27. Vyumba vitano vikiwa sawa, na kimoja kiko chini sana, chumba hicho kimekufa.

Kama lilikuwa katika chaja yenyewe, hutazama matundu yake ya hewa kama yamezibwa na vumbi, au kama imewekwa juani. Tena hutazama kama kazi imezidi nguvu zake. Betri ya ampea-saa 60 hutosheka na ampea 6. Chaja ndogo iliyofungwa kwenye betri kubwa ya lori hutaabika.

Ukiwa mfano, fundi mmoja alikuwa na chaja iliyopata joto kila siku. Mwanafunzi wake akasema, "Fundi, chaja hii imechakaa. Afadhali kununua nyingine."

Fundi akajibu, "Taratibu, mwanangu. Usimshitaki mtu kabla ya kuuliza."

Akaiwasha chaja peke yake, bila betri. Ikakaa baridi. Akaifunga kwenye betri nyingine nzima. Ikawa vuguvugu tu. Ndipo akapima ile betri ya kwanza, akaona chumba kimoja kimekufa. Betri hiyo ilikuwa kama ndiva iliyotoboka: mfereji huleta maji mchana kutwa, nayo haijai. Chaja ilifanya kazi pasipo kupumzika, ikapata joto. Kama wangalinunua chaja mpya, nayo ingaliugua vilevile.

Walakini, kama chaja ingalipata moto hata bila betri, ubaya ungalikuwa ndani yake, katika dayodi au transfoma. Hapo haifunguliwi na mtoto wala mtu asiyejifunza kazi hiyo, kwa kuwa ndani mna volti 230. Hupelekwa kwa fundi wa umeme.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Joto nalo ni dalili. Apoozaye joto bila kutafuta sababu amefuta dalili, na ugonjwa ameuacha palepale.

MASWALI
1. Chaja ina viungo gani viwili, na kazi ya kila kimoja ni nini?
2. Kwa nini plagi huchomolewa kabla ya kuondoa vibanio?
3. Eleza kwa mfano wa ndiva jinsi betri mbovu ilivyoitia chaja joto.
4. Fundi alijuaje kwamba chaja yake haikuwa na kosa?
5. Ni hatari gani kutia waya mnene mahali pa fyuzi?