Mafuta Chini ya Bahari, na Karatasi Isiyosomwa



Mafuta ya taa ya chemli, dizeli ya mashine ya kusaga na petroli ya pikipiki vyote hutokana na kitu kimoja. Hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Sehemu ya mafuta hayo huchimbwa baharini, mahali ambapo mtu akitazama huku na huku haoni nchi kavu.

Sisi Watanzania jambo hili si geni sana. Mwaka 1974 gesi ilipatikana Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam na kutumika kuzalisha umeme. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingine nyingi ilipatikana katika bahari yenye kina kirefu, mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Huenda kesho kijana wa kijiji chako ataitwa kufanya kazi huko.

Katika somo la leo tutajifunza mambo mawili. Kwanza, tutaona jinsi mafuta yanavyochimbwa baharini na jinsi watu wanavyofanya kazi huko. Pili, tutasoma habari ya ajali iliyotokea mbali na kwetu, katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwe. Ajali hiyo inatuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Ilitokea kwa sababu karatasi moja iliandikwa, lakini haikusomwa na waliopaswa kuisoma.

MAFUTA YANAKAAJE?

Watu wengi hudhani mafuta yamekaa chini kama ziwa. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya vitundu vidogo sana vya mawe. Fikiria mto uliokauka wakati wa kiangazi. Juu unaona mchanga mkavu, lakini ukifukua, maji yapo katikati ya punje za mchanga. Mafuta nayo hukaa hivyo ndani ya mawe.

Juu ya mawe hayo kuna jiwe jingine lisilopitisha kitu. Jiwe hilo ni kama mfuniko wa sufuria. Mafuta na gesi hubanwa chini yake kwa nguvu nyingi. Ukitoboa mfuniko bila uangalifu, vitaruka juu kwa kishindo. Kwa sababu hiyo kazi hii ina hatari.

MTAMBO WA KUCHIMBA

Baharini mtu anahitaji mahali pa kusimama kwanza. Pale penye kina kidogo hutumika mtambo wenye miguu mirefu ya chuma. Huvutwa na meli hadi mahali pa kazi. Hapo miguu hushushwa mpaka chini ya bahari, na sakafu huinuliwa juu ya mawimbi. Penye kina kirefu hutumika mtambo unaoelea, ambao huzuiwa na nanga, au meli yenye mnara wa kuchimbia. Meli hiyo ina injini zinazoisukuma huku na huku ili ibaki mahali pale pale.

Katikati ya mtambo kuna mnara. Mnara hubeba mabomba ya chuma, na kila bomba lina urefu wa mita 9 hivi. Ncha ya bomba la kwanza ina keekee yenye meno magumu. Keekee huzunguka na kusaga mwamba. Bomba likiisha kuzama, jingine huunganishwa juu yake, kisha jingine, na jingine. Shimo linaweza kufika mita 3,000 au zaidi.

Sasa, hebu jiulize: unga wa mawe yanayosagwa unatokaje huko chini? Mchimba kisima hutumia ndoo na kamba. Huku hutumika tope. Ni tope maalumu, zito, linalochanganywa kwa kipimo. Pampu hulisukuma chini kwa ndani ya mabomba. Hutokea kwenye keekee, kisha hurudi juu kwa nje ya mabomba likibeba unga wa mawe. Tope hili hufanya kazi tatu. Husafisha shimo. Hupoza keekee. Na kwa uzito wake huzuia mafuta na gesi visipande juu kwa ghafla.

Shimo lenyewe huvishwa mabomba mapana, na saruji humiminwa kati ya bomba na mwamba ili kuta zisibomoke. Juu ya shimo hufungwa vali kubwa sana. Gesi ikianza kupanda kwa nguvu, vali hizo hufungwa haraka.

Mafuta yakipatikana, mtambo wa kuchimba huondoka. Kama mafuta ni mengi, hujengwa jukwaa la kudumu. Kazi ya jukwaa ni kuyatoa mafuta, kuyatenga na maji na gesi, kisha kuyasukuma nchi kavu kwa bomba lililolala chini ya bahari.

WATU NA KAZI ZAO

Jukwaa la mafuta ni kama kijiji kidogo cha chuma. Kuna wachimbaji, mafundi wa pampu, mafundi umeme, waendesha winchi na wapiga mbizi. Kuna wapishi, wafagiaji na mganga. Watu hufika na kuondoka kwa helikopta. Katika Bahari ya Kaskazini wengi hukaa wiki 2 au 3, kisha hurudi nyumbani kupumzika. Wakiwa kazini hufanya zamu ya saa 12 kila siku. Zamu moja ikilala, nyingine inafanya kazi. Mtambo haulali.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la somo letu. Mtu wa mchana anaifungua mashine kuitengeneza. Jioni anakwenda kulala kabla hajamaliza. Mtu wa usiku atajuaje kwamba mashine ile haijakamilika?

Atajua kwa karatasi. Karatasi hiyo huitwa kibali cha kazi. Fundi haruhusiwi kufungua bomba wala pampu bila kibali. Kibali husema ni mashine gani, kazi gani, nani anaifanya, na imefikia wapi. Wakubwa wa kazi hutia sahihi. Kazi ikiisha, fundi na msimamizi huikagua pamoja, ndipo kibali hufungwa. Kama haikuisha, ni lazima zamu inayoingia iambiwe kwa mdomo na ioneshwe kwa maandishi.

USIKU WA TAREHE 6 JULAI 1988

Jukwaa moja katika Bahari ya Kaskazini liliitwa Piper Alpha. Lilikuwa kilomita 190 hivi kutoka mji wa Aberdeen, huko Scotland. Lilianza kutoa mafuta mwaka 1976. Usiku huo lilikuwa na watu 226.

Jukwaa lilikuwa na pampu mbili za kusukuma gesi iliyogeuka kuwa maji. Tuziite pampu ya kwanza na pampu ya pili. Moja ikifanya kazi, nyingine hupumzika. Siku hiyo pampu ya kwanza ilisimamishwa, maana ilitakiwa kufanyiwa matengenezo makubwa. Kazi hiyo ilikuwa na kibali chake, lakini ilikuwa bado haijaanza.

Mafundi walipata nafasi ya kufanya kazi nyingine. Waliondoa vali ya usalama ya pampu hiyo ili ipimwe. Kazi hii nayo ilikuwa na kibali chake. Kwa hiyo vilikuwa vibali viwili kwa pampu moja.

Jioni ikafika, na vali ilikuwa haijarudishwa. Pale palipokuwa na vali mafundi waliweka kifuniko cha chuma. Kifuniko hicho hakikukazwa kiasi cha kuzuia gesi yenye nguvu. Kiongozi wa mafundi alikwenda kurudisha kibali. Msimamizi alikuwa ameshughulika na mambo mengine. Hawakukaa pamoja wakazungumza. Kibali kikaandikwa kwamba kazi imesimama, kikawekwa mahali pake, na zamu ya mchana ikaenda kupumzika. Zamu ya usiku haikuambiwa habari ya vali.

Saa 4 kasoro robo usiku pampu ya pili ilizimika. Wafanyakazi walijaribu kuiwasha, ikakataa. Bila pampu, kazi yote ya jukwaa ingesimama. Wakasema, basi tuwashe pampu ya kwanza. Hawakuwa wazembe. Walitafuta kibali kwanza, wakakiona kibali cha matengenezo makubwa. Wakaona kazi haijaanza, kwa hiyo pampu ni nzima. Kibali cha pili, kile cha vali, hawakukiona. Na mahali pa vali palikuwa juu, pamefichika, hata mtu aliyesimama penye pampu asingepaona kwa urahisi.

Wakaiwasha. Gesi ikavuja penye kifuniko. Mnamo saa 4 usiku ikalipuka.

Makosa mengine yakafuata. Pampu za maji ya kuzima moto hazikujiwasha zenyewe. Zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa majini. Watu wawili walijivika vifaa vya kupumulia wakaenda kuziwasha. Hawakuonekana tena. Majukwaa ya jirani, ambayo mabomba yake yaliungana na Piper Alpha, hayakufunga mara moja mafuta na gesi yao. Baada ya dakika 20 hivi bomba kubwa la gesi likapasuka, na moto ukawa mkubwa mno.

Watu wengi walikusanyika katika vyumba vya kulala na kulia chakula. Ndivyo walivyofundishwa: wangoje helikopta. Lakini helikopta isingeweza kutua kwa ajili ya moshi na moto. Hakuna amri ya kuondoka iliyotolewa. Wengi waliokufa walikufa kwa moshi. Wengi waliopona ni wale waliotafuta njia yao wenyewe. Walishuka kwa kamba, au waliruka baharini, wengine kutoka kimo cha mita 50 hivi.

Waliokufa ni watu 167. Kati yao, wawili walikuwa mabaharia wa chombo kidogo cha uokoaji, waliokwenda kuwaokoa wenzao. Kati ya watu 226 wa jukwaa walipona 61 tu.

TUME ILISEMA NINI?

Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji, Lord Cullen. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1990, nayo ilikuwa na mapendekezo 106. Yote yalikubaliwa.

Tume haikumtupia lawama fundi mmoja tu. Ilionyesha kwamba desturi ya kupokezana kazi ilikuwa imelegea kwa muda mrefu. Sheria ya vibali ilikuwapo kwenye karatasi, lakini haikufuatwa kila siku, na wakubwa hawakuhakikisha kama inafuatwa. Tangu hapo kila mwenye mtambo katika bahari ya Uingereza hutakiwa kuonyesha kwa maandishi hatari zote za mtambo wake na jinsi atakavyozizuia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tulifundishwa methali hii kwa ajili ya fedha za duka la kijiji. Kumbe haihusu mali peke yake. Hata roho za watu hupotea bila habari.

Lakini angalieni vizuri. Piper Alpha daftari lilikuwapo! Waliokuwa huko ni watu waliosoma miaka mingi kuliko sisi. Waliandika. Kilichokosekana ni kumfikishia maandishi yule anayehitaji, wakati anapoyahitaji. Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mwenzako kusoma na kuelewa.

Nasi tunazo mashine na zamu zetu. Mashine ya kusaga hufunguliwa na fundi, kisha mwingine akaja kuiwasha. Dawa ya kunyunyizia mazao humiminwa katika chupa ya soda, na mtoto akaikuta. Muuguzi wa mchana humpa mgonjwa dawa, na wa usiku hajui. Tukifanya hivyo, hatari ni ile ile.

Kwa hiyo tufanye mambo matatu. Kwanza, kazi isiyokamilika iandikwe na maandishi yabandikwe kwenye mashine yenyewe, siyo ofisini tu. Pili, anayeondoka amwambie anayeingia kwa mdomo, uso kwa uso. Tatu, anayeingia asione haya kuuliza: "Ndugu, umeacha kitu gani hakijaisha?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tope hufanya kazi gani tatu katika shimo la mafuta?
2. Kwa nini zamu ya usiku iliamini kwamba pampu ya kwanza ni nzima?
3. Wakubwa wa jukwaa walikosa wapi? Na majirani je?
4. Taja mashine au kazi moja kijijini kwenu inayofanywa kwa kupokezana. Nani humwambia nani, na huandikwa wapi?
5. Zoezi la kuandika: Wewe ni mwendesha mashine ya kusaga. Umeondoa mkanda na hujaurudisha. Andika maneno machache ya kubandika kwenye mashine. Kisha mpe jirani yako asome. Kama hakuelewa, andika upya.