SOMO LA MWEZI: MKOPO WA KAMPUNI YA KUVUNA



Muwa ukiisha kukatwa haungoji. Kila siku unayolala shambani hupungua uzito na utamu, na hasara ni ya mwenye shamba. Ndiyo sababu huko Nambale, Butula na Matayos, katika Kaunti ya Busia, vikundi vya kukata na kuchukua miwa vina kazi. Na upande wa Malaba wenye mashine za kupukuchua mahindi hutafutwa sana wakati wa mavuno. Lakini kazi hiyo yataka fedha za kwanza: mafuta, mapanga, ujira wa wakataji na kodi ya trekta.

Fedha za Serikali

Hazina ya Hustler ilianza Novemba 30, 2022. Ilianza kwa kumkopesha mtu mmoja shilingi 500 hata 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe kwa siku 14. Muda huo ni mfupi mno kwa kazi ya miwa. Mwezi wa Juni 2023 ukaanza mkopo wa vikundi vilivyoandikishwa, shilingi 20,000 hata 1,000,000, kwa riba ya asilimia 7.

Tena mwaka 2020 Serikali ilianzisha mpango wa kudhamini mikopo ya mabenki kwa biashara ndogo. Fahamuni vizuri: dhamana hiyo huikinga benki isipate hasara yote. Haimfutii mkopaji deni lake.

Tazameni hesabu hii

Tuseme kikundi chakopa shilingi 300,000 kwa asilimia 7, kulipa kwa miezi 6. Riba ni 10,500. Jumla ni 310,500, yaani 51,750 kila mwezi.

Tuseme baada ya ujira, mafuta na matengenezo kikundi kinabakiwa na shilingi 150 kwa kila tani. Basi lazima kivune tani 345 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi kidogo ya tani 13 kwa siku. Mvua ikiharibu njia, siku za kazi zikabaki 12, ni tani 29 kwa siku. Je, trekta moja litaweza?

Jambo lililotokea

Julai 2023 Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliamuru viwanda vya magharibi visimamishe kusaga miwa, maana miwa iliyokomaa ilikuwa imeadimika. Amri ilikaa miezi kadhaa. Kiwanda kikifungwa, mvunaji hana kazi. Lakini tarehe ya kulipa haifungwi.

Yafaa kufanya haya

1. Pateni mapatano ya kazi kwa maandishi kabla ya kukopa.
2. Ulizeni kiwanda hulipa baada ya siku ngapi.
3. Kodisheni trekta msimu mmoja kabla ya kufikiri kununua.
4. Wekeni akiba ya malipo ya miezi 2.
5. Fedha za kikundi zisichanganywe na za nyumbani.

Maswali ya kujibu katika mkutano wenu

Kikundi chetu kinaweza kuvuna tani ngapi kwa siku? Kazi ikisimama mwezi mzima, tutalipa kwa nini?

Wazee walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Anayepiga hesabu kwanza hatalia matanga.