Dondoo Muhimu: Amana ya Namba ya Siri

Mwalimu wa Meru au Embu atakaye kufundisha usalama wa kompyuta na aanze na kile wakijuacho wanafunzi nyumbani, yaani namba nne za siri za M-Pesa za bibi mkulima wa chai, ambaye kwa uhafifu wa macho humwomba mjukuu amsomee simu. Mjukuu afunzwe kusoma yote, kisha, ifikapo zamu ya namba, ageuze uso hadi bibi amalize kubonyeza. Staha hiyo, kwa maoni yangu, yatangulia elimu ya mitambo.

Ndipo wafahamishwe kuwa, kwa Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, kuvunja kinga ya kompyuta kwa kusudi la kuingia bila idhini ni jinai, hata mvunjaji asipoiba kitu, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

Wafunzwe pia kuwa apigaye simu akidai ametuma fedha kimakosa asijibiwe kabla ya salio kutazamwa.

Na shuleni kwenyewe, karatasi ya nywila iliyobandikwa ukutani mwa maabara ya kompyuta ibanduliwe leo.