KIOO KIPYA, MACHO YALEYALE

Ile mashine yako ya gemu inaendeleaje? Ndiyo, ile ya mkononi uliyoiunda mwenyewe: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero ndani ya kasha la plastiki, vitufe vya kubonyeza, betri ya lithiamu, na kile kioo kidogo cha kamera ya kurudishia gari nyuma. Usione vyaelea, vimeundwa. Hongera sana!

Ila kuna jambo. Ukicheza nusu saa tu, macho yanawasha na kichwa kinagonga. Maandishi madogo huyasomi mpaka usogeze kioo karibu na pua. Marafiki wanakwambia, "Hiyo ni mionzi, utapofuka!" Sasa unataka kubadilisha kioo. Sawa, lakini kabla hujatoa hela mfukoni, twende taratibu.

NI MIONZI KWELI?

Hapana. Kioo cha aina hii hakitoi mionzi ya kupofusha mtu. Kinachochoka ni misuli midogo ndani ya jicho, ile inayofanya kazi unapotazama kitu cha karibu. Pia, ukikodolea macho unasahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini mbele ya skrini idadi hiyo hushuka sana. Machozi hayasambai, jicho linakauka na kuwasha. Kioo chenye ukungu huongeza taabu, kwa sababu kinakulazimisha ukisogelee.

UKUNGU UNATOKA WAPI?

Kioo chako cha sasa kinapokea picha kwa waya mmoja. Waya huo unabeba mwanga na rangi kwa pamoja, kama watu wawili wanaoongea kwa wakati mmoja kwenye simu moja. Kioo kinajitahidi kutenganisha nani kasema nini, na mara nyingi kinakosea. Ndiyo maana kingo za herufi zinatoka na vivuli vya rangi. Huwezi kuliondoa tatizo hili kwa kufuta kioo na kitambaa!

UCHAGUE KIPI?

Kuna njia mbili zinazotumika sana.

Ya kwanza ni kioo kidogo cha SPI, chenye nukta 320 kwa 240. Bei yake ni nafuu na hakichukui nafasi. Lakini hapa taarifa za picha zinapita moja moja, kama wanafunzi mlangoni. Chukua kalamu: 320 × 240 ni nukta 76,800. Kila nukta ina biti 16, kwa hiyo picha moja ni biti 1,228,800. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, unahitaji kupitisha zaidi ya biti milioni 73 kila sekunde! Mlango unakuwa mwembamba. Programu nzuri hutuma zile sehemu zilizobadilika tu, lakini gemu yenye fujo nyingi inaweza kukwamakwama.

Ya pili ni kioo cha IPS chenye nukta 640 kwa 480, kinachounganishwa kwenye tundu la mini-HDMI la Raspberry Pi Zero. Kinaonekana vizuri hata ukitazama kutoka pembeni, na herufi zinasomeka. Ubaya wake ni kwamba kina bodi yake ya ziada, kinataka nafasi na kinakula umeme zaidi.

Kwa gemu za zamani, hiki cha pili kina faida nyingine. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989, ilikuwa na nukta 160 kwa 144. Kwenye kioo cha 640 kwa 480 unaikuza mara 3 kamili: 480 kwa 432. Kila nukta inakuwa mraba safi, na pembeni unabaki ukingo mweusi. Kwenye 320 kwa 240 huwezi kukuza hata mara 2, kwa sababu 144 × 2 ni 288, inazidi 240. Ukilazimisha ijae, nukta zinapindana na ukungu unarudi. Usiogope ukingo mweusi!

Na betri je? Kumbuka historia. Game Boy ya kwanza haikuwa na taa nyuma ya kioo, ikadumu kwa saa nyingi na betri 4 ndogo. Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990, ilikuwa na rangi na taa, ikamaliza betri 6 kwa saa chache. Taa ndiyo inayokula umeme. Kwa hiyo punguza mwanga ulingane na chumba ulichomo. Na macho yako yatashukuru.

KAZI KWA USALAMA

1. Chomoa betri kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
2. Betri ya lithiamu ikivimba, usiitoboe wala kuichaji. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na umwambie mwalimu au fundi.
3. Soma volti za kioo kipya. Vingi vya magari vilitengenezwa kwa volti 12, wakati Raspberry Pi inatumia 5. Ukikosea waya, umeunguza vyote.
4. Lehemu dirisha likiwa wazi. Moshi wake unaweza kuamsha pumu.
5. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usile ukiwa kazini, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.
6. Jaribu kioo kabla ya kufunga kasha.

KIOO KIMEBADILIKA, MACHO JE?

Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Kioo kipya kikiwa bomba, badala ya kupumzika unacheza saa 4! Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Pepesa kwa makusudi. Mchana toka nje: vijana wanaokaa muda mwingi kwenye mwanga wa nje wana nafasi ndogo zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali. Kama una kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweka, zungumza na daktari kabla ya kucheza.

Na fanya jaribio hili leo, kabla ya kununua chochote. Kaa nyuma ya darasa, ziba jicho moja, soma ubao. Kisha ziba jingine. Kama unaona ukungu hata siku ambazo hujagusa gemu, tatizo si kioo cha mashine. Nenda ukapimwe macho. Wapo wanaoshuka darasani, wanaitwa wavivu, kumbe walihitaji miwani tu. Usione aibu. Miwani nayo ni kioo kipya, tena hiki unakitumia hata kwenye mtihani!

JIPIME

1. Kwa nini picha inayopita kwa waya mmoja ina ukungu?
2. Gemu ya nukta 160 kwa 144 inakuzwa mara ngapi kamili kwenye kioo cha 640 kwa 480? Ukingo mweusi unabaki nukta ngapi kila upande?
3. Taja hatua ya kwanza kabla ya kufungua mashine.

Majibu: (1) Mwanga na rangi vinachanganyika. (2) Mara 3. Nukta 80 kushoto na 80 kulia, 24 juu na 24 chini. (3) Kuchomoa betri.